Jinsi Mwili Unavyojifunza Ustadi

Katika nchi ya Wanandi, upande wa magharibi wa Kenya, watoto wengi hutamani kuwa wakimbiaji, kwa maana nchi ile imezaa wakimbiaji waliopata sifa duniani kote. Lakini kijana mmoja, jina lake Julius Yego, aliyezaliwa mwaka wa 1989, alipenda kutupa mkuki. Alipokuwa mtoto wa shule hakuwa na mkuki wa michezo, akachonga miti na kuitupa. Wala hakuwa na mwalimu wa kazi hiyo, kwani walimu wa mkuki walikuwa haba sana katika nchi yake.

Baadaye akaanza kutazama katika intaneti sinema za watupaji hodari wa Ulaya. Mmoja wao ni Jan Železný wa Ucheki, ambaye mwaka wa 1996 aliutupa mkuki umbali wa mita 98.48, mwingine ni Andreas Thorkildsen wa Norwe. Yego alitazama mbio zao, hatua zao za mwisho, na jinsi mikono yao inavyouachilia mkuki. Kisha alikwenda uwanjani, akajaribu, akakosa, akarudi kutazama tena. Je, mtu asiye na mwalimu awezaje kuufundisha mwili wake? Na kwa nini watu wawili wakifanya mazoezi kwa saa zilizo sawa, mmoja huendelea mbele na mwenziwe hubaki palepale? Mambo hayo yamechunguzwa na wenye elimu kwa miaka mingi, nao wamegundua mengi ambayo mtu hangeyadhani.

Watu husema, “Mkono wake umezoea.” Neno hilo ni zuri, lakini kwa kweli si mkono uliozoea. Mkono ni mifupa na misuli, na misuli hufanya yale inayoagizwa tu. Aagizaye ni ubongo, na amri zake hupita katika mishipa ya fahamu. Tena, kila mara mtu afanyapo tendo, ubongo hutangulia kukisia litakalotokea. Mfano wake ni huu: mtu ainua debe akidhani limejaa maji, kumbe ni tupu. Debe huruka juu, naye hupepesuka, kwa sababu ubongo ulikuwa umekwisha kuagiza nguvu za kuinua debe zito. Mara ya pili hakosi. Hivyo ndivyo mwili unavyojifunza. Ubongo hukisia, mwili hutenda, kisha ubongo hulinganisha lililotokea na lililokisiwa, na tofauti iliyopo hutumiwa kusahihisha amri ijayo. Sehemu ya ubongo iliyo chini, upande wa kisogo, iitwayo serebela, ina kazi kubwa katika kulinganisha huko. Basi, kosa si adui wa mwanafunzi. Kosa ndilo limpalo habari anayoihitaji.

Katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1967, wataalamu wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, walieleza ya kwamba ajifunzaye kazi ya mwili hupita hatua tatu. Mfano mzuri ni mtu ajifunzaye kupanda baiskeli. Katika hatua ya kwanza hufikiri kila jambo: mguu uwe wapi, mikono ishike vipi, macho yatazame wapi. Huchoka upesi na huanguka mara nyingi. Katika hatua ya pili makosa hupungua, na mambo yaliyokuwa mbalimbali huanza kuungana. Katika hatua ya tatu hupanda bila kufikiri, hata aweza kuzungumza na mwenziwe njiani. Wengine huvuka hatua hizo kwa siku chache na wengine kwa miezi, lakini hakuna aanziaye katika hatua ya tatu.

Mazoezi hayo hubadili ubongo wenyewe. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Ujerumani walitoa habari za watu waliojifunza kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, muda wa miezi mitatu. Picha za ubongo zilionyesha ya kwamba sehemu zinazotambua vitu viendavyo zilikuwa zimeongezeka. Watu hao walipoacha mazoezi kwa miezi mitatu mingine, ongezeko lile lilipungua. Kwa hiyo ubongo ni kama shamba. Likilimwa hustawi, likiachwa huota magugu.

Wahenga walisema, “Papo kwa papo kamba hukata jiwe.” Ni kweli, kwani asiyerudia kazi haijui. Walakini mtu si kamba. Kamba hupita palepale kila siku, lakini mtu apitaye palepale tu hujifunza kidogo kuliko adhaniavyo.

Jambo hilo lilidhihirika kwa watoto. Mwaka wa 1978 wataalamu wawili, Kerr na Booth, walitoa habari za watoto wa miaka 8 waliofundishwa kurusha vifuko vya maharagwe ili viangukie alama chini. Watoto wa kundi moja walirusha kutoka umbali wa futi 3 siku zote. Wenzao walirusha mara kutoka futi 2, mara kutoka futi 4, wala hawakufanya mazoezi ya futi 3 hata kidogo. Baada ya majuma kumi na mawili wote walijaribiwa kwa futi 3. Mtu angedhani ya kwamba wale waliozoea futi 3 watashinda, lakini sivyo. Walioshinda ni wale waliorusha mbali na karibu. Wenzao walijua kurusha mahali pamoja; wao walijifunza jinsi nguvu ya mkono inavyolingana na umbali, na maarifa hayo yalitosha hata kwa umbali wasioujua.

Mwaka wa 1986 Sinah Goode na Richard Magill walichunguza wanawake waliojifunza badmintoni, mchezo wa kupiga kwa raketi kipira chenye manyoya. Walifundishwa namna tatu za kuanzisha mchezo huo. Kundi moja lilifundishwa namna moja kwa siku nzima, kisha nyingine siku ya pili, na ya tatu siku ya tatu. Kundi jingine lilichanganya namna zote tatu kila siku bila utaratibu. Baada ya majuma matatu ya mafundisho, wote walijaribiwa. Waliochanganya ndio waliokumbuka zaidi; nao walipoambiwa waanze kutoka upande wa pili wa uwanja, ambako hawakuwahi kufanya mazoezi, walifanya vizuri kuliko wenzao.

Sababu yake ni nini? Mtu arudiapo tendo lilelile mara hamsini, baada ya mara chache ubongo wake hauna haja ya kutafuta. Jibu liko tayari, nao hulirudia tu. Lakini matendo yakichanganywa, kila mara ubongo hulazimika kuuliza, “Sasa ni lipi? Na nguvu gani?” Kutafuta huko huchosha, na makosa huwa mengi. Hata hivyo kutafuta huko ndiko kujifunza kwenyewe, kwani katika mashindano hakuna ampaye mchezaji mpira uleule mara hamsini.

Hapa pana hatari inayowapotosha wengi. Afanyaye mazoezi ya namna moja huonekana hodari siku ileile, na huondoka uwanjani amefurahi. Afanyaye mazoezi ya kuchanganya huonekana mzito, huchekwa na wenziwe, na pengine hukata tamaa na kuacha, hali wakati ule ndio mwili wake unaojifunza zaidi. Watoto wangapi wameacha mchezo, au ufundi, kwa sababu walijipima kwa jioni moja! Aonekanavyo mtu leo ni jambo moja. Kitakachobaki ndani yake kesho ni jambo jingine.

Udanganyifu huo haumo katika michezo tu. Huko Uingereza wafanya kazi wa posta walifundishwa kupiga taipu, na habari zao zilitolewa na Baddeley na Longman mwaka wa 1978. Wengine walijifunza saa moja tu kwa siku; wengine walijifunza saa mbili asubuhi na saa mbili tena baadaye. Wale wa saa moja walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia ustadi uleule, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Lakini wao ndio waliokuwa na manung'uniko zaidi, wakiona ya kuwa wanakawia! Haraka haraka haina baraka, hata katika vidole.

Pumziko nalo ni sehemu ya kazi. Baada ya mazoezi ubongo huendelea kuyaimarisha yaliyofundishwa, na usingizi husaidia sana kazi hiyo. Mwanafunzi akeshaye usiku kucha ili asubuhi ashinde hujinyang'anya mwenyewe kile alichokichuma mchana.

Basi mwalimu ana kazi gani? Ana kazi kubwa, lakini si ya kusema bila kunyamaza. Mwaka wa 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt walitoa habari za watu waliojifunza kuusogeza mkono kwa mwendo fulani. Baadhi yao waliambiwa kosa lao kila mara walipotenda, na wengine waliambiwa nusu ya mara hizo tu. Walipojaribiwa siku ya pili yake bila kuambiwa neno, walioambiwa nusu ndio waliofanya vizuri. Aambiwaye kila mara huegemea maneno ya mwalimu kama mtu aegemeaye mkongojo, na mkongojo ukiondolewa huanguka. Anyamaziwaye kidogo hulazimika kulisikiliza kosa ndani ya mwili wake mwenyewe. Tena Gabriele Wulf na wenziwe waligundua ya kwamba, mara nyingi, mchezaji hufanya vizuri akiweka mawazo yake katika jambo analolitaka litokee, kama mwendo wa mpira au wa mkuki, kuliko akiyaweka katika kiwiko au goti lake.

Habari ya Yego haikuishia katika kutazama sinema. Mwaka wa 2011 alikwenda Maputo, katika Michezo ya Afrika, akapata medali ya dhahabu. Baada ya hapo alipelekwa Kuortane, katika nchi ya Ufini, ambako mkuki hupendwa sana, akafundishwa na Petteri Piironen. Makosa ambayo macho yake mwenyewe hayakuyaona, jicho la mwalimu liliyaona. Kwa hiyo yeye aliyejifundisha hakuona haya kufundishwa. Katika Olimpiki ya London, mwaka wa 2012, alifika katika shindano la mwisho. Mwaka wa 2013, huko Moscow, katika mashindano ya ubingwa wa dunia, akawa wa 4. Hakuwa na medali mikononi, lakini alikuwa na kujifunza mwilini.

Hata tarehe 26 Agosti 2015, katika mji wa Beijing, mkuki wake uliruka mita 92.72. Tangu mwaka wa 2001 hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyetupa mbali kama hivyo, naye akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, alitupa mita 88.24 mara ya kwanza, kisha akaumia kifundo cha mguu, asiweze kuendelea vema. Hata hivyo utupaji ule mmoja ulimpatia medali ya fedha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Si kila atupaye mti shambani atakuwa bingwa wa dunia, kwani miili haikuumbwa sawa. Lakini njia ya kujifunza ni moja kwa wote, awe mtupa mkuki, mpiga mpira, mshona nguo au mpiga ngoma. Atazame walio hodari, ajaribu mwenyewe, abadili mazoezi yake, alisikilize kosa lake, akubali kuonywa, apumzike, na kesho aanze tena. Wala asijipime kwa jioni moja, kwa maana mavuno hayahesabiwi siku ya kupanda.

Maswali

1. Kwa nini mtu hupepesuka ainuapo debe tupu alilodhani limejaa?
2. Taja hatua tatu apitazo mtu ajifunzaye kupanda baiskeli.
3. Watoto waliorusha kutoka futi 2 na futi 4 waliwashinda wenzao kwa sababu gani?
4. Wafanya kazi wa posta walionung'unika walikosea katika jambo gani?
5. Mwalimu anyamazapo kidogo humsaidiaje mwanafunzi wake?
6. Eleza maana ya maneno haya: “Mavuno hayahesabiwi siku ya kupanda.”