MIAYO NI YA WOTE, LAKINI TAMBUA MALALE

Tazama watu wanaongoja gari la moshi pale Luena. Mmoja anapiga miayo. Punde jirani yake naye anapiga, kisha wa tatu. Mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake haigi. Kwa nini iko hivi?

1. Mwayo ni nini?

Mwayo ni pumzi ndefu. Kinywa hufunguka sana, taya hunyoshwa, hewa huingia kwa wingi, kisha hutoka. Hudumu kama sekunde 6. Hakuna aliyefundishwa kupiga miayo. Mtoto hupiga hata akiwa tumboni. Mbwa nao hupiga. Miayo huja hasa tunapotaka kulala, tunapoamka, au tunapokaa bila kazi.

Watu wengi walisadiki kwamba mwili hupiga miayo kwa kukosa hewa safi. Mwaka 1987 mtaalamu Robert Provine wa Marekani, pamoja na wenzake, alipima neno hilo. Watu walivuta oksijeni tupu, lakini miayo yao haikupungua. Wataalamu wengine hufikiri kwamba mwayo huamsha ubongo au huupoza.

2. Mbona tunaambukizana?

Mwayo hauletwi na mate wala vijidudu. Huingia kwa macho na masikio. Kuisikia sauti yake kwatosha. Hata kusoma habari zake kwatosha. Labda wewe umekwisha kupiga mmoja hapa! Watoto huanza kuambukizwa wapatapo miaka 4 au 5. Tena twaambukizwa zaidi na ndugu na rafiki kuliko mgeni.

Basi, apigaye miayo karibu nawe hakuletei ugonjwa. Usimtenge, wala usiseme ana pepo au amerogwa.

3. Usingizi ulio ugonjwa

Lakini kuna usingizi mwingine. Mtu asinzia mchana kila siku, hata akiwa na chakula mkononi. Usiku hapati usingizi. Jamaa husema, “Ni mvivu.” Pengine ana malale.

Malale hayaambukizwi kwa kutazamana. Huletwa na nzi aitwaye mbung'o, yaani tsetse, akaaye penye miti kando ya mito. Anapouma, hutia vijidudu katika damu. Dalili za kwanza ni hizi: homa inayokwenda na kurudi, kichwa kuuma, mwili kuwasha, na tezi kuvimba nyuma ya shingo. Miezi au miaka ikipita, vijidudu huingia katika ubongo. Ndipo usingizi huharibika, na tabia ya mtu hubadilika. Asipopata dawa, karibu kila mara hufa.

Hapo zamani dawa zilikuwa za sindano, na nyingine zilikuwa kali sana. Mwaka 2018 Kongo iliruhusu vidonge viitwavyo feksinidazoli. Wagonjwa wengi wa malale ya Kongo waweza kuvimeza siku 10, baada ya chakula, chini ya ulinzi wa mganga.

4. Ufanye nini?

Ukiona dalili hizi kwako au kwa mtu wa nyumbani, nenda hospitali upesi. Omba upimwe damu na tezi. Usingoje usingizi uzidi. Hata kama si malale, malaria na upungufu wa damu pia huchosha mwili, nayo yana dawa.

Soma Matendo 20:7-12. Kijana Eutiko alishindwa na usingizi Paulo alipokuwa akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka toka orofa ya tatu. Paulo hakumkaripia, alishuka, akamkumbatia. Nasi tusimcheke ndugu asinziaye kanisani. Tumwulize habari za afya yake, na ikihitajika tumsindikize kwa mganga.

MAULIZO
1. Mwayo huingia kwa njia gani?
2. Malale huletwa na nani?
3. Nyumbani mwako, kuna mtu asinziaye mchana kila siku? Utamsaidiaje?