Gitaa la zamani, uso mpya

Swali: Je, gitaa kuukuu lenye uso uliobinuka, na sasa umepasuka, laweza kuwekewa uso bapa?

Jibu: Laweza, na matokeo yake huweza kupendeza sana. Gitaa la F-7 la kampuni ya Martin ya Marekani lilitengenezwa miaka ya 1930 likiwa na uso uliobinuka. Mgongo wake ni wa mti wa jamii ya mpingo. Mwanamuziki David Bromberg alipiga F-7 lililowekewa uso bapa, na mwaka 1977 Martin wakatoa gitaa la M-38 kwa umbo hilohilo.

Ili kuondoa uso wa zamani, fundi hupasha moto kisu chembamba, akakipenyeza taratibu kwenye kiungo cha uso na mbavu mpaka gundi iachie. Chini ya uso mpya hubandika vijiti vinavyopishana kama herufi X.

Mtihani ni shingo. Iliinamishwa nyuma kufuata kidaraja cha nyuzi kilichoinuka juu ya uso wa zamani, nacho cha uso bapa ni kifupi, kwa hiyo ing'olewe, pembe yake ichongwe upya.