Selimundu Humsubiri Mtoto Miezi Sita

Mtoto wa miezi minane analetwa kliniki akilia. Vidole vyake vimevimba hadi ngozi inang'aa, na nyayo zimetuna kiasi kwamba soksi haziingii. Mama anaapa kuwa mwanawe hakuanguka wala hakuumwa na mdudu. Anaongeza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko uvimbe wenyewe: tangu azaliwe, mtoto alikuwa mzima, ananyonya, anacheza, uzito unapanda. Damu inapimwa, na jibu linarudi kuwa ni selimundu.

Lakini selimundu hurithiwa. Mtoto huyu alikuwa nayo tangu mimba ilipotungwa. Basi ilikuwa imejificha wapi miezi yote hiyo? Chuo kikuu, mtu anaweza kumalizia maisha yake yote ya kazi ndani ya swali la namna hii, na wako waliofanya hivyo, wakiwemo wa Muhimbili, Dar es Salaam. Ili tuone wanachokitafuta, tuanzie kwenye seli moja nyekundu ya damu.

Seli hiyo ni kifuko laini, mviringo, kilichobonyea pande zote mbili. Haina kiini. Ndani imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, molekuli zipatazo milioni 270 kwa seli moja. Kila molekuli imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta ni asidi amino 146 zilizotungwa moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Kwa mwenye selimundu, shanga ya sita si ile inayopaswa kuwapo. Mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Vernon Ingram aliitambua tofauti hiyo huko Cambridge mwaka 1957, na hakuna nyingine: ni hiyo moja tu.

Shanga moja kati ya 146 inaletaje maumivu makali kiasi kile? Glutamiki ina chaji ya umeme, nayo hupatana na maji. Valini ina tabia ya mafuta, huyakimbia maji. Ikiwa juu ya uso wa molekuli, huelekea popote penye kificho. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, kificho hakipo. Ikiishusha oksijeni, umbo lake hubadilika kidogo na kishimo hufunguka ubavuni. Valini ya molekuli moja huingia kwenye kishimo cha jirani, jirani naye humnasa mwenzake, hadi nyuzi ndefu, ngumu, zinajaa ndani ya seli na kuipinda kama mundu. Ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, nyuzi huachia. Ikipinda na kunyooka mara nyingi, ganda la seli huharibika, na haikai tena zaidi ya siku 10 hadi 20, wakati seli ya kawaida hudumu kama siku 120.

Sasa tazama vidole vya yule mtoto. Katika umri wake, mifupa midogo ya mikono na miguu bado ina uboho mwekundu unaotengeneza damu, na uboho huo unahitaji oksijeni nyingi. Seli zilizopinda zikiziba mishipa myembamba inayouhudumia, mfupa unakosa hewa. Hapo ndipo uvimbe na kilio vinapoanzia.

Kuna jambo moja katika ujenzi wa nyuzi hizo ambalo naomba msomaji alishike, kwa sababu tiba nitakazozitaja zimesimama juu yake. Nyuzi hazijengeki papo hapo. Baada ya oksijeni kushuka hupita muda mfupi sana kabla hazijaanza. Seli ikiwahi kupenya kwenye kijishipa na kurudi penye oksijeni kabla ya muda huo kwisha, imesalimika. Na muda huo unategemea sana wingi wa himoglobini yenye kasoro ndani ya seli: ukiipunguza kidogo tu, muda unarefuka mara nyingi.

Mwaka 1948, daktari wa watoto Janet Watson wa Brooklyn, Marekani, aliona kwamba damu ya vichanga wenye selimundu ilikuwa na seli chache mno zinazopinda. Alidhani wanalindwa na himoglobini ya tumboni, na alikuwa sahihi. Mtoto aliye tumboni hupata oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo, kwa hiyo anahitaji himoglobini inayoishika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama. Yake ina minyororo ya gama badala ya beta. Gama ina jeni yake nyingine kabisa, isiyo na ile kasoro, na molekuli zake hazijiungi na nyuzi, hivyo nyuzi huchelewa kujengeka. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama hufungwa na ya beta hushika kazi. Kufikia miezi sita hivi, ulinzi mwingi umekwisha.

Jeni hiyo haifi, hufungwa tu, na kwa watu wengine haifungwi barabara. Katika mashariki ya Saudia wako wagonjwa wengi ambao himoglobini ya tumboni imebaki nyingi hadi utu uzima, nao huugua kwa unafuu. Muhimbili, kundi la wagonjwa lililoanza kufuatiliwa mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani limefikia maelfu, na kiwango cha himoglobini hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Makani, Siana Nkya na wenzao wametafuta katika vinasaba vya Watanzania ni nini kinacholeta tofauti hiyo. Naona ni kazi isiyoweza kuachiwa maabara za mbali, kwani vinasaba vya Waafrika vina utofauti mwingi kuliko vya watu wa kwingineko, na kinachotafutwa huenda hakipo kabisa katika damu ya huko.

Kufuli lenyewe lilijulikana mwaka 2008, pale Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston walipoonyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoifunga gama. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuchukua seli za uboho wa mgonjwa, kukata swichi ya jeni hiyo na kumrudishia. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na bei hiyo inaniuma. Iko pia hidroksiyurea, dawa ya kumeza iliyoanza kama dawa ya saratani, ambayo nayo huipandisha himoglobini ya tumboni. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda waliipata katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua.

Ulinzi huohuo, hata hivyo, unamficha mgonjwa. Kipimo rahisi cha kuinyima damu oksijeni na kutazama kama seli zinapinda hakitegemewi kwa kichanga, maana himoglobini ya tumboni bado imejaa. Inabidi himoglobini zitenganishwe kwa umeme: glutamiki ikikosekana chaji hubadilika, na himoglobini yenye valini husimama mahali pake peke yake. Tone moja kutoka kisigino, likikaushwa kwenye karatasi, linatosha. Jibu likirudi mapema, mtoto anaanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi hatari ya bakteria kabla hajatimiza miezi mitatu, vidole vyake vikiwa bado vyembamba.