Safari ya Peru

Watoto, fungueni ramani ya dunia. Wekeni kidole juu ya Kongo, kisha kipelekeni upande wa magharibi. Vukeni bahari ya Atlantiki, piteni katikati ya Brazili, mpaka kidole kifike ukingoni mwa bahari nyingine, ndiyo Pasifiki. Hapo mtaona inchi ya Peru. Ukubwa wake unapita kidogo nusu ya Kongo. Kila mwaka wageni wengi huenda kuitembelea. Watu wanaosafiri hivi, si kwa kazi bali kwa kutazama, huitwa watalii. Leo nasi tutakuwa watalii, lakini hatutalipa nauli.

Tunashuka Lima, mji mkuu, kando ya bahari. Mwenzetu mmoja ameleta mwavuli. Aurudishe sandukuni! Mvua ya Lima ya mwaka mzima, ukiikinga katika sahani, haipiti unene wa kidole. Na mji huu una watu karibu milioni 10. Tukitoka nje ya mji tunaona mchanga, mawe na vilima vya kijivu visivyo na jani. Ni jangwa, na mawimbi ya bahari yanapiga miguuni pake. Yawezekanaje inchi iliyo karibu na maji mengi namna hii iwe kavu?

Sababu yake ni baridi. Ndani ya Pasifiki mna mkondo wa maji baridi utokao kusini na kupita kando ya Peru. Maji baridi hayatoi mvuke mwingi, na hewa iliyo juu yake haipandi kufanya mawingu ya mvua. Hufanya ukungu tu, nao hufunika Lima miezi mingi bila kunyesha. Lakini mkondo huo ni mama pia. Maji yanayopanda toka chini huleta chakula cha samaki, na wavuvi huvua kwa wingi sana samaki wadogo wanaofanana na ndagala wa Tanganyika. Miaka mingine bahari hupata joto. Hapo samaki hukimbia, na mvua kubwa huangukia jangwa. Wavuvi waliita jambo hilo El Niño, maana yake Mtoto Yesu, kwa kuwa huja karibu na Noeli. Jina ni zuri, lakini mwaka 2017 mvua hizo zilibomoa nyumba na madaraja mengi ya kaskazini.

Kusini mwa Lima, mahali paitwapo Nazca, tunapanda ndege ndogo. Tazameni chini: buibui, nyani, na ndege mwenye urefu wa meta zaidi ya 90, wote wamechorwa juu ya ardhi! Watu wa kale waliondoa mawe meusi ya juu, udongo mweupe ukaonekana. Imepita miaka zaidi ya 1,500. Kwetu mvua ya wiki moja ingefuta kazi yote. Kule hakuna wa kufuta.

Sasa tupande milima ya Andes. Asubuhi tulikuwa baharini. Barabara inapinda na kupinda, na baada ya kilometa 130 hivi tumefika juu ya meta 4,800. Kichwa kinauma, pumzi zimekuwa fupi, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba. Wenyeji huwapa wageni chai ya majani ya koka na kuwaambia, «Tembeeni polepole.» Mtalii mwenye haraka huona kitanda tu. Ninyi mmesikia habari za barafu ya Ruwenzori, yenye kimo cha meta 5,109. Mlima Huascarán una meta 6,768.

Watalii wengi hukimbilia Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka kabla Wazungu hawajafika. Ni kweli, unastahili kuonwa. Lakini mimi ningependa msimame kwanza katika shamba la viazi. Viazi vya mviringo, ambavyo leo huliwa hata Ulaya, asili yake ni milima hii. Mashamba yamekatwa kama ngazi, yenye kuta za mawe, ili udongo usitelemke. Wakati wa baridi kali watu hutandika viazi chini usiku, viligande. Mchana jua huviyeyusha, nao huvikanyaga kwa miguu maji yatoke, halafu huvianika. Viazi hivyo vikavu huitwa chuño na huweza kukaa ghalani miaka mingi. Mama zetu wanaoloweka muhogo na kuuanika wangeelewa kazi hiyo mara moja.

Tuvuke kilele, tutelemke upande wa mashariki. Mara majani ni mabichi, mvua inanyesha, jasho linatoka! Upepo wa mashariki hubeba mvuke kutoka Atlantiki na msituni. Ukigonga milima huumwaga wote upande huu. Basi Andes ni ukuta: huku msitu, kule jangwa. Msitu umeshika zaidi ya nusu ya inchi, lakini watu wake ni wachache.

Mji mkubwa wa huko ni Iquitos, kando ya mto Amazoni. Hakuna barabara itokayo Lima kufika hapo; hufikwa kwa masua au kwa ndege. Amazoni ni mto wa kwanza duniani kwa wingi wa maji, na mto wetu wa Kongo ndio wa pili. Sokoni tunakuta samaki wa kukaushwa, ndizi, na funza wanene watokao ndani ya mti wa jamii ya mchikichi. Tunakuta na muhogo. Msiseme, «Wamechukua chakula chetu!» Muhogo ulizaliwa Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta kwetu katika karne ya 16.

Tena kuna jambo la huzuni linalotuunganisha. Mwaka 1904 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, aliandika habari za watu wa Kongo walioteswa kwa ajili ya mpira. Mwaka 1910 alitumwa mto Putumayo, katika msitu wa Peru. Akakuta wenyeji wa huko wanapigwa mijeledi, kwa ajili ya mpira vilevile. Nyumba nzuri za wafanya biashara ya mpira zingali Iquitos, na watalii huzipiga picha.

Turudi Lima kwa ndege. Katika vitongoji vya juu, vilimani, watoto wanangoja na mapipa. Gari la maji litapita, na maji yake ni ghali kuliko ya bomba la matajiri. Maji ya Lima hutoka milimani. Na kwa kuwa hayakutosha, watu walitoboa njia chini ya Andes, wakageuza maji yaliyokuwa yakishuka upande wa msitu, yakaja jangwani. Wengine hutandaza nyavu juu ya vilima ili kunasa ukungu. Matone hushuka, tone kwa tone, mpaka ndani ya pipa. Tangu mwaka 1962 zaidi ya nusu ya barafu ya milima ya Peru imekwisha yeyuka, kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Mito mingi ya pwani hupata sehemu ya maji yake katika barafu hiyo wakati wa kiangazi.

Maulizo

1. Kwa nini pwani ya Peru ni jangwa, ingawa iko kando ya bahari?
2. Kwa nini michoro ya Nazca haikufutika?
3. Eleza namna ya kufanya chuño. Inafanana na kazi gani ya nyumbani kwenu?
4. Chora Andes, jangwa na msitu. Onyesha kwa mshale upepo unatoka wapi.
5. Nyumbani kwenu maji hutoka wapi? Nani huyachota, naye hutembea mbali gani?