SOMO: MALI ISIYONGOJA



Leo tujifunze kutoka bandari ya Rumonge, nchini Burundi, kusini ya Bujumbura. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na linagusa nchi nne: Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo. Ndiyo maana mji huu ulio mbali na bahari una wavuvi, mabaharia na wachukuzi kama mji wa pwani. Tena, reli ya Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, shehena za ziwa zilipata njia ya kwenda baharini.

Mali kubwa za Rumonge ni mbili: mawese na samaki.

Mkungu wa chikichi ukishakatwa, mafuta yake huanza kuharibika. Ukicheleweshwa kuchemshwa na kukamuliwa, mawese hupungua ubora na bei.

Ndagala nao huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki na nyavu hupumzika. Wakipatikana, yafaa waanikwe upesi. Mvua ikishinda inanyesha, huoza. Hata mgeni anayepumzika ufukweni na kula mukeke wa kuchoma, anakula jasho la watu waliokesha majini.

Fundisho ni hili: mali hizi hazingoji. Tajiri aweza kuweka misumari ghalani mwaka mzima, lakini hawezi kuweka mkungu wala samaki mbichi. Kinachookoa thamani yake ni wepesi wa mkono wa mkataji, mkamuaji, mwanikaji na mchukuzi. Basi kibarua anayelipwa kwa mzigo tu hubeba peke yake hasara ya siku za mvua na mbalamwezi.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja wetu awe na daftari: tarehe, uzito, malipo.

Pili, tuwepo mizani inaposomwa.

Tatu, wa shambani na wa bandarini tupeleke madai yetu pamoja, kwani mzigo ni ule ule mmoja. Mkono mmoja haulei mwana.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kazi yako, ni kitu gani kisichoweza kungoja?

2. Kazi ikisimama kwa sababu ya mvua, nani hubeba hasara?

3. Mzigo ukitoka mikononi mwako, huenda kwa mfanyakazi gani? Je, mmewahi kuzungumza?