Gari la Ujana, Deni la Uzeeni

Mdogo wangu S.K. wa Lansing, Michigan,

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na picha ulizoambatanisha nimezitazama moja moja. Unasema mwaka 1983, ukiwa mwanafunzi, ulinunua Pontiac GTO ya 1968 ya rangi ya kijani kwa dola 1,400. Mwaka 1989 ukaiuza ili wadogo zako wawili wamalize shule Morogoro. Sasa umestaafu, umeona nyingine ya rangi ileile, muuzaji anataka dola 46,000, na unawaza kuweka nyumba rehani bila mkeo kujua. Unaniuliza kama ni aibu mtu wa umri wako kutamani gari.

Si aibu hata kidogo. Ulikiacha ulichokipenda ili wengine wasome, na kwa jinsi ulivyoandika, naona hakuna aliyewahi kukuambia asante. Nakuambia mimi: ahsante, ulifanya jambo kubwa.

Hukupenda kitu cha hovyo

Mwaka 1964 General Motors ilikuwa imekataza injini iliyozidi inchi za ujazo 330 kwenye magari yake ya ukubwa wa kati. John DeLorean na wenzake wa Pontiac wakapitia mlango wa uani: injini ya 389 wakaiorodhesha kama nyongeza, iliyoitwa GTO, anayoweza kuagiza mnunuzi wa Pontiac LeMans. Mwaka huo wa kwanza yakauzwa magari 32,450, na kampuni nyingine zikakimbilia kutengeneza ya kwao. Hilo lako la 1968 lilikuja na injini ya 400, karibu lita 6.6, nguvu za farasi 350, na bampa ya mbele laini iliyopakwa rangi ya bodi. Wewe uliliendesha, unajua zaidi yangu lilivyonguruma.

Baadaye bima za magari haya zikapanda, ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, kisha mafuta yakaadimika 1973. Wenye magari yanayokunywa petroli wakataka kuyaondoa uani kwao, ndiyo maana mwanafunzi kama wewe aliweza kulimudu. Leo vijana wa enzi ile wamezeeka, watoto wamekua, fedha ipo, na kila mmoja anatafuta lake. Bei unayoambiwa imejengwa juu ya hamu ya watu kama wewe, na muuzaji anaijua hamu hiyo vizuri sana.

Namba ya chesisi

Hapa nakuomba ukae kitako. Katika picha uliyopiga kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, namba ya chesisi inaonekana juu ya dashibodi. Inaanza na 237. Ya GTO ya 1968 huanza na 242. 237 ni LeMans.

Bodi ni moja, milango ni ileile. Boneti, nembo na bampa vyote hununuliwa na kufungwa na fundi yeyote mzuri. Simwiti muuzaji mwizi. Gari la umri huo limepita mikono mingi, na huenda naye aliuziwa kwa jina hilohilo akaamini. Ila ukishalipa, hasara inahamia kwako. Siku utakayotaka kuliuza, mnunuzi wa kwanza anayejua kusoma namba atakukata bei palepale, na hutakuwa na la kumjibu.

LeMans si gari baya. Kama moyo wako unataka umbo lile na mngurumo ule, LeMans iliyotunzwa itakupa sehemu kubwa ya raha hiyo, lakini kwa bei ya LeMans. Na kama lazima iwe GTO yenyewe, ipo taasisi iitwayo Pontiac Historic Services ambayo kwa ada hutoa nakala ya ankara ya kiwandani kwa kutumia namba ya chesisi. Asiyetaka uiombe kabla ya kulipa, achana naye.

Kutu chini ya rangi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe uiname kweli, na tochi mkononi. Gari lililoishi Michigan limelamba chumvi ya barabarani kila majira ya theluji. Inua zulia la buti uone sakafu. Pitisha sumaku, uizungushie kitambaa isikwaruze, nyuma ya matairi ya nyuma na chini ya kioo cha nyuma. Pale itakapokataa kushika, ujue ni puti iliyopakwa rangi juu. Kunyoosha bodi ya namna hiyo kunaweza kumeza fedha kuliko injini. Tazama pia breki. Mengi ya mwaka huo yalitoka na dramu magurudumu yote, kwani diski za mbele zililipiwa zaidi. Miguu yako ya sasa haina wepesi wa 1983.

Nyumba na mkeo

Sasa nitasema kwa ukali kidogo, na univumilie.

Unaandika kwamba mkeo "hawezi kuelewa". Nimetafuta katika barua nzima mahali ulipomwuliza, sikupaona. Umemhukumu kwa mazungumzo ambayo hayajafanyika. Nyumba mnayoijenga Morogoro imefika kwenye lenta na hapo ikasimama. Kila akiona gharama mpya anaona paa linasogea mbali, na ana haki ya kuliona hivyo. Kama jina lake limo kwenye hati ya nyumba ya Lansing, benki itataka saini yake, na usithubutu kutafuta njia ya kuikwepa. Hata lisipokuwemo, barua ya benki itafika mchana mmoja, wewe umetoka, aifungue yeye. Akishaisoma hatauliza habari za gari. Atauliza ni mangapi mengine hujamwambia, na swali hilo halina mwisho.

Mkopo wenyewe unalipwa na pensheni. Akiugua mmoja wenu, malipo hayasubiri apone, na dhamana ni paa mnalolalia.

Lile wazo lako la kulisafirisha gari ukirudi nyumbani liweke kando. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu, na kwa usukani wa kushoto kwenye barabara zetu, kila ukitaka kulipita lori utakuwa unachungulia kifo.

Fanya hivi

Usitoe arbuni. Mpigie muuzaji, mwambie kwa heshima ulichokiona kwenye namba, umsikilize anasemaje. Kisha leo usiku mwambie mkeo habari za 1983 na 1989 zote, hata ile ya kulia ulipokabidhi funguo, ambayo umeniandikia mimi badala ya kumsimulia yeye. Usiombe kitu usiku huo.

Jumamosi ya tatu ya Agosti nendeni pamoja kwenye msafara wa magari ya kale wa Woodward Dream Cruise, njia ya kutoka Ferndale hadi mji wa Pontiac. Magari ya aina hiyo yatakuwepo kwa wingi, mkeo akae karibu nayo, ayasikie. Mkirudi, chukueni daftari: fedha ya kumalizia paa la Morogoro kwanza, ya matibabu ya pili, kinachobaki ndicho bajeti ya gari. Akiba tu, bila rehani. Ikitosha LeMans, nunua LeMans, na jina lake liandikwe pamoja na lako. Ulizeni pia bima ya magari ya kale inayolipa thamani mliyokubaliana mapema, maana ya kawaida italihesabu kuwa chuma chakavu.