Sanduku la manjano na karatasi wanayotaka uisaini

*Mama, nasimamia usalama wa wafanyakazi katika kampuni moja ya ujenzi wa barabara hapa Bunia. Mradi umekwisha, wahandisi wamerudi kwao, na kwenye depo wametuachia sanduku la manjano lenye alama ya mbawa tatu nyeusi. Ndani kuna mashine waliyokuwa wakipimia kama udongo umeshindiliwa vizuri. Betri imekufa na kufuli imeshika kutu. Patroni anataka sanduku liondoke wiki hii kwenda Kampala, kwenye lori moja na jenereta na matairi, naye ameniletea karatasi ya ukaguzi nisaini kwamba kila kitu ni salama. Sina kipimo cha aina yoyote. Nilipositasita aliniambia vijana wenye diploma wanaotafuta kazi ni wengi mjini. Mlinzi anayataka madini ya risasi yaliyomo ndani awauzie wavuvi wa Tchomia. Baba mdogo anasema ni urani, tena ana mtu wa kuinunua kwa dola elfu ishirini. Mimi ninaogopa kingine. Meza yangu iko kama mita tatu kutoka hapo, nami nimeketi hapo miezi mitano. Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Je, nimemdhuru mtoto?*

*Msimamizi wa depo, Nyakasanza*

Mwanangu, mtoto umemweka mwisho wa barua, lakini naona ndiye anayekukosesha usingizi, kwa hiyo nianze naye. Kama mama yake hajakaa kwenye depo hiyo, mtoto hajapata chochote. Mionzi ya chanzo kilichofungwa haiambukizi, wala haikufuati nyumbani kwenye nguo. Aliyeota moto jikoni huondoka na joto mwilini, lakini hageuki kuwa kaa la moto. Lala karibu na mke wako bila hofu. Ila tangu leo asikuletee chakula depo.

Kuhusu wewe mwenyewe, kuna hesabu unayoweza kuifanya hata bila kipimo. Mashine za namna hiyo kwa kawaida hubeba vyanzo viwili vidogo. Kimoja ni sesiamu-137, kwenye ncha ya fimbo inayoshushwa ardhini kupima mshindilio. Kingine ni amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, ambayo hupima unyevu. Fimbo ikipandishwa hadi mwisho na kufungwa, sesiamu hukaa ndani ya kinga nzito ya madini. Sasa tazama kibandiko cha manjano ubavuni mwa sanduku, kisome ukiwa umesimama mbali kidogo au ukipige picha kwa simu. Chini yake utaona kisanduku chenye namba. Namba hiyo ni kiwango cha mionzi kwa umbali wa mita moja, kwa milisiverti kwa saa, kikiwa kimezidishwa mara 100. Tuseme imeandikwa 0.6, jambo la kawaida kwa mashine hizi. Maana yake ni milisiverti 0.006 kwa saa. Ukienda mbali mara tatu, mionzi inapungua mara tisa. Kwa saa nane za kazi, siku sita kwa wiki, miezi mitano, unapata kama milisiverti 0.7.

Kikomo kinachokubalika duniani kwa raia wa kawaida ni milisiverti 1 kwa mwaka, na kwa mfanyakazi aliyefunzwa kazi ya mionzi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Hujaumia, basi. Na hata kama mke wako angekuwa ameketi kwenye kiti chako siku hizo zote, bado angekuwa mbali sana na milisiverti 100, kiwango ambacho chini yake wataalamu hawatarajii mtoto tumboni kupata kilema. Lakini linaniudhi, nalisema wazi, kwamba umekula karibu kikomo chako chote cha mwaka kwa sababu tu hakuna aliyekuambia usogeze meza. Isogeze leo, uende jengo lingine kabisa.

Hesabu hiyo ina sharti moja: fimbo iwe imerudi ndani na kinga iwe nzima. Hilo ndilo usilolijua, na ndilo karatasi ya patroni inakutaka uliapie. Kufuli yenye kutu haitoshi kukuambia kitu. Kama kuna mfanyakazi aliyeifungua mashine hiyo au kuishika fimbo kwa mkono, na baada ya siku au wiki ngozi ikawa nyekundu au ikatoa malengelenge kama ya kuungua, mpeleke hospitali. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ni mionzi, apime hesabu ya chembe za damu, kwa maana bila kuambiwa atatibu fangasi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Watu wengi wanadhani ni kuzunguka sanduku mara moja na kuandika "bon". Mkaguzi wa kweli anaanza na bamba la chuma kwenye mashine: jina la mtengenezaji, namba ya mashine, namba za vyanzo, nguvu yake na tarehe iliyopimwa. Anazilinganisha na cheti cha chanzo, moja baada ya nyingine, maana sanduku lisilo na mashine ndani nalo hubeba alama ileile. Anahakikisha fimbo imefungwa. Anapima mionzi kwenye uso wa sanduku, pande zote pamoja na chini, kisha kwa mita moja, na kuona kama namba zake zinakubaliana na kibandiko. Halafu anafuta viungo vya mashine kwa karatasi maalumu na kuipima karatasi hiyo ili ajue kama chanzo kinavuja. Kwa uso wa mzigo unaosafirishwa, uchafu wa amerisiamu unaofutika hauruhusiwi kupita bekereli 0.4 kwa sentimita moja ya mraba. Kiasi hicho jicho haliwezi kukiona, mwanangu, hata liwe kali namna gani.

Mwisho anakagua parafujo. Hapo nikae kidogo. Januari 2023, Australia ya Magharibi, kipimo chenye sesiamu kilitolewa mgodi wa chuma wa Gudai-Darri kikapelekwa Perth kwa lori, safari ya kilomita kama 1,400. Kilipofunguliwa tarehe 25, parafujo zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko wa njia, boliti moja haipo, na kidonge cha sesiamu chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 8 kilikuwa kimepenya kwenye tundu na kudondoka barabarani. Walikitafuta kwa magari yenye vifaa vya kunusa mionzi, wakakipata tarehe 1 Februari kando ya barabara, karibu na mji wa Newman. Hiyo ni nchi yenye lami, vifaa na watu waliosomea kazi hiyo. Wewe unaijua njia ya kutoka hapa kwenda Mahagi wakati wa mvua.

Tena lori la kwetu haliondoki bila watu juu ya mizigo. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema gari lililobeba mzigo wa kibandiko cha manjano lisipakie mtu yeyote ila dereva na wasaidizi wake. Mzigo wa daraja la manjano la pili unaruhusiwa kutoa hadi milisiverti 0.5 kwa saa pale usoni pake. Mama anayekwenda soko la Mahagi akilikalia sanduku kama hilo saa mbili, amemaliza kikomo chake cha mwaka kabla hajauza kitu. Gari linatakiwa kuwa na alama pande mbili na nyuma, sanduku lifungwe imara mbali na kabini, na dereva awe na karatasi zinazosema amebeba nini na ampigie nani simu likitokea la kutokea. Dereva wenu atawaambia nini wenye bunduki kwenye vizuizi, wakitaka kila kitu kifunguliwe? Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na watumiaji wa barabara zake wanajua ninachosema. Hata akifika salama mpakani, Goli au Vurra, Uganda ina Baraza lake la Nishati ya Atomiki lililowekwa kwa sheria ya 2008, na mzigo wa mionzi hauingii huko bila kibali. Sanduku litabaki uani mwa forodha, na aliyelisaini ni wewe.

Mlinzi anayetaka risasi mwite leo umsimulie habari ya Goiânia, Brazili. Septemba 1987 watu wawili walitoa kichwa cha mashine ya kutibu saratani kwenye kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na gramu 93 za unga wa sesiamu, wenye kung'aa buluu gizani. Watu waligawana, wengine wakajipaka. Mtoto wa miaka sita, Leide das Neves Ferreira, alikula akiwa na unga huo mikononi. Aliyeokoa mji ni mke wa yule mnunuzi, Maria Gabriela. Aliona nyumba nzima inaugua, akakitia kitu hicho kwenye mfuko na kukipeleka idara ya afya kwa basi. Yeye na Leide walikufa siku moja mwezi Oktoba. Kwa jumla walikufa 4, waliochafuka ni 249, na zaidi ya watu 112,000 walipangwa mstari kupimwa. Chanzo kile kilikuwa na nguvu kubwa mno kuliko cha kwenu, sitaki kukutisha kwa uongo. Lakini mlinzi akipasua mashine kwa nyundo na kuyeyusha alichokipata, anaweza kuvuta unga wa amerisiamu mapafuni, na amerisiamu huchukua miaka 432 kupungua nusu. Na wavuvi wa Tchomia watakuwa na nyavu zenye uzito uliotoka wapi?

Baba mdogo umheshimu, lakini dola elfu ishirini azisahau. Hiyo si urani. Urani ya Kongo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, mgodi uliofungwa karibu na uhuru, 1960. Madini yake yalikwenda kutengeneza bomu la Hiroshima, na masalia ya mawe hayo yaliwekwa Lewiston, jimbo la New York, ambako yamelindwa kwa miongo mingi na kugharimu fedha nyingi. Wao waliochukua utajiri bado wanahangaika na taka zake. Kuhusu wanunuzi, tuna mfano wetu: kwenye kinu cha utafiti cha Kinshasa, kilichowashwa 1959 na kuwa cha kwanza Afrika, nondo mbili za fueli ziliibwa miaka ya 1970. Moja ilikamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998 mikononi mwa watu wa mafia. Mtu anayekuja na bei nzuri ya kitu kama hicho mara nyingi ni tapeli, na akiwa si tapeli ni polisi.

Basi usisaini. Na usiliache sanduku kama lilivyo pia, kwa sababu kukataa peke yake hakumlindi mtu. Lisifunguliwe. Chumba lilimo kifungwe kwa kufuli mpya, ufunguo uwe kwako na kwa mtu mmoja wa ofisi, si kwa mlinzi. Vuta kamba mita chache nje ya mlango, bandika tangazo kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Piga picha za vibandiko vyote. Kama namba ya mashine haionekani kwa nje, itafute kwenye mafaili ya mradi: mashine iliingia nchini kwa karatasi, lazima nakala ipo mahali. Kwa namba hiyo mwandikie mtengenezaji. Watengenezaji huweka kumbukumbu za kila chanzo walichouza, na mara nyingi mkataba una kipengele cha kurudisha. Njia hiyo ndiyo sahihi, nayo gharama yake ni ya kampuni iliyoingiza mashine. Patroni anaijua gharama hiyo, ndiyo maana anaharakisha.

Kisha andika barua kwa Kamati ya Kitaifa ya Kujikinga na Mionzi, CNPRI, huko Kinshasa. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 kuhusu hatari za mionzi, nayo Kamati ndiyo yenye kazi ya kukagua na kuruhusu mzigo kama huu utembee. Nakala ipeleke ofisi ya gavana, idara ya mazingira ya jimbo na mkaguzi wa kazi. Ichapishe, weka tarehe, na usiondoke dirishani kabla hawajakupigia muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kazi unaweza kuipoteza, na siwezi kukuahidi kinyume chake. Lakini usimpe patroni sababu ya kusema umegoma. Ile karatasi yake mrudishie ikiwa imeandikwa, kwa mkono wako, sentensi hizi: "Mionzi haikupimwa kwa kukosa kipimo. Uvujaji haukupimwa. Hali ya fimbo haijulikani. Sanduku lisisafirishwe hadi likaguliwe na CNPRI." Chini yake weka jina, tarehe na saa. Hiyo unaweza kuisaini, maana kila neno ni kweli, na kijana mwenye diploma atakayeletwa baada yako ataikuta kwenye faili.